Istilahi isiyopimwa kazini ni hatari: Funzo kutoka kwa kipakatalishi changu

WAHENGA walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Nimekuja kugundua kwamba ndani ya tarakilishi mafahali hao wanakaa, tena kwa amani, mradi mwenye zizi ajue ukuta uko wapi na mifugo yake imelala upande upi. Mimi sikujua. Kwa kutojua huko nilipoteza sura mbili za kitabu nilichokuwa nikiandika na sehemu kubwa ya daftari la istilahi nililokuwa nikilijaza tangu 2011.

Makala ya leo ni uhakiki wa mwongozo mmoja wa Kiswahili unaoeleza jinsi ya kuweka mfumo endeshi wa pili katika kipakatalishi. Haswa, ni uhakiki wa maneno mawili yaliyomo: kizigeu na kuandaa. Sitamtaja aliyeuandika mwongozo huo, na sababu msomaji ataiona mbele. Itoshe kusema kwamba katika kosa hili mimi si mlalamishi tu. Ni mshtakiwa pia.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumika tangu 2015. Mfumo endeshi, kwa msomaji ambaye hajakutana na istilahi hiyo, ni ile programu kuu inayoamka kwanza tunapowasha tarakilishi na kuziongoza nyingine zote: ndiyo inayozungumza na kibodi, skrini, diski na printa. Baada ya tarehe hiyo, mtumiaji wa Windows 10 ambaye hakujiandikisha kwa huduma ya nyongeza hapati tena viraka vya usalama. Njia iliyopendekezwa ilikuwa kuhamia Windows 11, lakini mfumo huo hudai vifaa ambavyo tarakilishi nyingi kuukuu hazina, kikiwamo kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Kipakatalishi changu ni kimojawapo cha hizo kuukuu. Nilikinunua kikiwa tayari kimetumika ng'ambo, kama wanavyofanya Wakenya wengi, na hakijawahi kunisumbua. Kukitupa kwa sababu ya tarehe iliyopangwa na watu wengine niliona ni israfu.

Nilipolieleza jambo hili kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, alicheka. "Mwalimu, usinunue kingine," akaniambia. "Weka Linux kando ya hiyo Windows. Zote zitakaa. Ukiwasha unaulizwa unataka gani, unachagua." Siku chache baadaye aliniletea flashi iliyokuwa na mfumo wa Ubuntu, pamoja na mwongozo wa kurasa saba aliouandika kwa Kiswahili kwa ajili ya chama cha tarakilishi shuleni kwake.

Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya sura nyingi za Linux, ilitoka kwa mara ya kwanza 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, na si geni kwetu. Shina lake ndilo hilo hilo linalozaa utu wetu. Nikawaza: mfumo wenye jina la Kibantu, mwongozo wa Kiswahili sanifu, na mwandishi wake ni zao la darasa langu. Mtu atake nini tena?

Niseme kwanza mazuri ya mwongozo huo, kwa sababu ni mengi na mhakiki mwadilifu haanzi na dosari.

Mosi, lugha yake haibabaiki. Mwandishi anatumia kipakatalishi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na neno hilo ni miongoni mwa yale yaliyofaulu kabisa nchini Kenya. Anayejua kumpakata mtoto haelezwi mara mbili kifaa hicho hukaa wapi. Pili, anatumia sakinisha kwa maana ya kuiweka programu ndani ya tarakilishi. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makao, na ni jamaa ya neno maskani. Programu uliyoisakinisha umeipa makao. Mtu anaweza kupendelea weka, na mafundi wetu wengi husema hivyo, lakini sakinisha haimpotoshi yeyote. Tatu, nakala rudufu imetumika vyema kwa zile nakala za akiba ambazo mtu huzihifadhi penginepo asije akapoteza zilizo ndani.

Hata katika mambo magumu mwandishi amejikakamua. Mfumo wa Linux hauiti diski kwa herufi C na D kama Windows. Kila sehemu ya diski huunganishwa na mahali fulani katika mti mmoja wa mafaili, na tendo hilo mwongozo unaliita kupachika. Nimelipenda neno hilo. Mtu hupachika mpini kwenye jembe, na mpini usipopachikwa jembe halilimi. Sehemu ya diski ambayo haijapachikwa ipo, lakini huwezi kuitumia.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaketi mezani. Ukurasa wa kwanza uliniagiza nihifadhi nakala rudufu za mafaili yaliyo katika C. Nikatii. Ukurasa wa pili uliniagiza nizime ile tabia ya Windows ya kuwaka haraka, kwa sababu Windows inapozimwa kwa namna hiyo huwa haijafunga diski sawasawa, na mfumo mwingine ukiigusa diski hiyo mambo yanaweza kuharibika. Nikatii pia. Ukurasa wa tatu ulitaka niipunguze C ili ipatikane nafasi tupu ya kuweka Ubuntu.

Hapo ndipo ujuaji uliponiingia. Diski ya kipakatalishi changu ilikuwa tayari imegawika mara mbili, C na D. Windows ilikuwa C. Maandishi yangu yalikuwa D, na yalichukua sehemu ndogo tu. Nikajiambia: kuna haja gani ya kuipunguza C ilhali D ina nafasi tele? Ukuta kati ya C na D si upo tayari? Nikaruka ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tano ulisema hivi: "Chagua kizigeu utakachotumia, kisha weka alama ya vyema kwenye kisanduku cha kuandaa."

Ndugu msomaji, kizigeu katika Kiswahili cha nyumbani ni nini? Ni kile kitenganishi, kiwe ni ukuta mwembamba, pazia au ubao, ambacho hugawa chumba kimoja kikawa viwili. Kuandaa je? Tunaandaa meza, tunaandaa chakula, tunaandaa somo. Mtu anayesikia "andaa kizigeu" anaelewa kwamba ukuta wa kutenganisha unawekwa tayari. Ndivyo nilivyoelewa. Niliamini ninauimarisha ukuta baina ya mafahali wangu wawili wasije wakapigana. Nikaichagua D, nikaweka alama ya vyema pale palipoandikwa fomati kwa Kiingereza, nikaendelea.

Haki ni haki: kabla ya kazi kuanza, skrini iliorodhesha mabadiliko yatakayofanyika na kuuliza kama nina hakika. Orodha hiyo ilikuwa na majina ya sehemu za diski ambayo si C wala D, bali herufi na tarakimu za Linux. Nilifanya yale ambayo wengi wetu hufanya mbele ya orodha kama hizo. Nilibonyeza kuendelea, nikaenda kuteka chai.

Usakinishaji ulifaulu. Nikiwasha kipakatalishi, menyu inatokea na kuniuliza kama nataka Ubuntu au Windows. Nikichagua Windows, inakuja ilivyokuwa, bila hata mkwaruzo. Ila nilipotafuta D haikuwapo. Pale palipokuwa na maandishi yangu sasa palikuwa makao ya Ubuntu.

Nilikipeleka kipakatalishi kwa fundi mmoja katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Ni kijana wa umri wa wajukuu wa rafiki zangu. Alikitazama kwa muda usiozidi dakika tano.

"Mzee, ulipiga fomati D," akasema.

"Niliandaa kizigeu," nikamjibu.

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mgonjwa ana homa. "Uliandaa nini?"

Nikamwonyesha mwongozo. Akausoma mstari huo, akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Fomati si kuandaa. Fomati ni kufagia. Unafagia yote ndani, halafu unachora mistari mipya. Na kabla ya kufagia, lazima uangalie ndani kuna nini."

Alifanya alichoweza. Zipo programu zinazoweza kuchimba diski na kuokota vipande vya mafaili yaliyofutwa, lakini pale ambapo mfumo mpya umekwisha kuandikwa juu ya yale ya zamani, kilichofunikwa hakirudi. Nilipata takriban nusu ya daftari langu. Mafaili yaliyorudi yalirudi bila majina yake, yakiwa na tarakimu tu. Zile sura mbili hazikupatikana.

Jioni hiyo nilimpigia simu mwalimu mwenzangu. Sitaficha kwamba nilikuwa na ukali. Nilimuuliza ni kwa nini tendo la kufuta kila kitu alilipa jina la upole kiasi hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Mwalimu, neno hilo si ulitupa wewe? Katika lile darasa la istilahi. Ulisema fomati ni utumwa wa Kiingereza, na kwamba Kiswahili kina andaa."

Nilitafuta maandalio yangu ya zamani, yale yaliyochapishwa kwenye karatasi. Kweli. Lipo katika mwandiko wangu, na nimelipigia mstari.

Ndiyo maana sikumtaja mwandishi, na ndiyo maana naandika haya hadharani. Tuliofundisha istilahi tuna deni la kueleza tulikosea wapi.

Tuanze na kizigeu, ambalo si langu lakini nimelitumia. Kosa lake si kwamba ni neno gumu au geni. Ni Kiswahili halisi. Kosa lake ni kwamba linataja kitu kisicho. Katika tarakilishi, kile kinachoundwa diski inapogawanywa si ukuta, ni chumba. Ndani yake mna nafasi, mna mafaili, unaweza kukipanua, kukipunguza, kukihamisha na kukifuta. Kiingereza hutumia neno moja kwa ukuta unaogawa na kwa sehemu iliyogawanywa, na Waingereza wameshazoea. Aliyetafsiri alifungua kamusi, akaikuta maana ya kwanza, ukuta, akaichukua. Matokeo yake ni sentensi ambazo zina sarufi nzuri na maana ya kupotosha. "Futa kizigeu" kwa msikilizaji wa Kiswahili ni kuondoa ukuta ili vyumba viwili viwe kimoja. Hakuna anayedhani kwamba ukiondoa pazia, vitanda na nguo zitateketea. Kumbe katika tarakilishi, "kufuta kizigeu" ni kukipoteza chumba pamoja na vyote vilivyomo.

Kuandaa nako kuna kosa la aina nyingine. Hapa neno halikukosea kitu, limekosea athari. Ni kweli kwamba fomati huiandaa diski ipokee mafaili. Huo ni upande wa mashine. Lakini upande wa mwenye mashine, fomati ni kupoteza kila alichokuwa nacho mahali hapo. Nilipolibuni neno hilo darasani nilisimama upande wa mashine. Niliuliza: je, fomati humsaidiaje mfumo? Sikuuliza: je, humfanyia nini mwenye mali? Fundi wa Luthuli, ambaye nadhani hajawahi kuketi katika warsha yoyote ya istilahi, aliuliza swali la pili bila kufundishwa. Kwake yeye fomati ni kufagia, na kabla ya kufagia unaangalia.

Najua wapo watakaosema: basi, Profesa, tuachane na haya. Tufundishe tarakilishi kwa Kiingereza na tuishie hapo. Nawaomba wasubiri. Kiingereza kisingeniokoa. Kwenye skrini neno lililoandikwa lilikuwa la Kiingereza na nililiona kwa macho yangu. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika, fomati ndilo neno lile lile linalotumika katika programu za uandishi kwa maana ya kupanga sura ya maandishi: ukubwa wa herufi, pambizo, nafasi baina ya mistari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaagiza wanafunzi wangu wapange fomati ya tasnifu zao, na hakuna aliyepoteza sura hata moja kwa kufanya hivyo. Neno moja, matendo mawili, moja halina madhara na jingine linafuta.

Hata lile neno la Kiingereza la kuwasha tarakilishi, ambalo wengine wameligeuza buti, lina asili ya ajabu. Latokana na picha ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Mwingereza wa kawaida haifikirii picha hiyo anapowasha mashine. Mkenya akisikia "menyu ya buti" atafikiria viatu vya askari, au pale nyuma ya gari tunapoweka mizigo. "Menyu ya kuwashia" inatosha, na haina haja ya kueleza historia ya viatu. Istilahi za Kiingereza hazina uwazi wa asili. Kinachowasaidia wasemaji wake ni mazingira: maonyo, marafiki waliokwisha kuungua, vitabu tele, na miaka ya mazoea. Istilahi zetu hazina bado mto huo wa kuzipokea zinapoanguka. Kwa hiyo zahitaji uangalifu zaidi.

Wala hatuanzii sifuri. Mwaka 2004 mradi uliojulikana kama Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo katika miaka iyo hiyo ilianza kutoa sura ya Kiswahili ya programu zake, na baadaye matoleo kadhaa ya Windows, ikiwamo Windows 10, yakawa na Kiswahili cha Kenya kama mojawapo ya lugha za kuchagua. Kazi hizo zilifanywa na watu waliojituma, na baadhi ya maneno yaliyoenezwa nazo sasa yanatembea yenyewe. Nani leo hushangaa kusikia pakua? Tulizoea kupakua chakula chunguni na shehena melini, sasa tunapakua picha na nyimbo. Neno hilo limefaulu kwa sababu tendo ni lile lile: kitu kilikuwa kule, sasa kiko kwako, na hakuna kilichoharibika. Ukilipima kwa athari, linapita.

Nilipokuwa nikiyatafakari haya, kipakatalishi kilinipa mfano mwingine bila kuombwa. Kila nikitoka Ubuntu na kuingia Windows, saa ya Windows ilirudi nyuma kwa muda wa saa tatu. Nilidhani kifaa kimeharibika. Kumbe kila tarakilishi ina saa moja ndogo ndani inayoendelea hata ikizimwa. Linux kwa kawaida huichukulia saa hiyo kuwa saa ya ulimwengu, ile inayohesabiwa kutoka London wakati wa baridi, na huongeza saa tatu kabla ya kuonyesha wakati wa Nairobi. Windows huichukulia saa hiyo hiyo kuwa tayari ni ya Nairobi na haiongezi kitu. Hakuna kati yao iliyokosea. Kila mmoja anasoma tarakimu sahihi kwa desturi yake, ila hawajaambiana. Kuna amri fupi ya kuifanya Ubuntu ifuate desturi ya Windows, na baada ya kuitoa tatizo liliisha.

Mswahili hapaswi kushangaa. Sisi tunasema saa moja asubuhi pale Mwingereza asemapo saba, na gari hatulikosi, kwa kuwa tunajua mwenzetu anahesabu vipi. Tatizo huja pale watu wawili wanapotumia alama moja na kila mmoja akaamini kwamba hakuna njia nyingine ya kuisoma. Mwandishi wa mwongozo aliandika kizigeu akimaanisha chumba. Mimi nilisoma kizigeu nikaona ukuta. Sote tulikuwa na hakika.

Tufanyeje basi? Nina mapendekezo matatu, na ninayatoa nikiwa nimeyalipia.

Kwanza, kila istilahi inayotaja tendo ipimwe kwa kile inachomfanyia mtumiaji, si kwa kile kinachofanana na neno la Kiingereza. Matendo yanayofuta yasipewe majina ya karamu. Kama hatuna neno moja linalobeba uzito huo, tusione haya kuchukua fomati, tukaliandika kwa tahajia yetu, na kuliwekea maelezo mafupi kila linapotokea: fomati hufuta kila kitu. Kukopa si utumwa. Shati, meza na kitabu vyote vilikopwa na hakuna anayelia. Nilipowaambia wanafunzi kwamba fomati ni utumwa, nilikuwa nikilinda sura ya lugha na kumsahau msemaji wake.

Pili, istilahi isipimwe ikiwa peke yake kwenye orodha. Orodha za istilahi huwa na safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na kila neno likiwa peke yake huonekana limependeza. Neno lipelekwe katika sentensi. Jaribuni kizigeu pamoja na jaza, panua, hamisha na futa, na mara moja mtaona kwamba ukuta haujazwi. Jaribuni chumba cha diski pamoja na vitenzi hivyo hivyo. Chumba hujazwa, hupanuliwa, huhamwa, na mtu akisikia chumba kitafutwa, swali lake la kwanza ni: kuna nini ndani? Swali hilo moja lingeniokoa.

Tatu, istilahi zijaribiwe na watu wenye mali yao mezani. Nimeshiriki warsha nyingi. Tunaketi, tunajadili mashina na viambishi, tunapiga kura, tunakula, tunaondoka. Sikumbuki hata siku moja tulipomwita mtu wa kawaida, tukampa tarakilishi na maagizo tuliyoyatafsiri, tukakaa kimya kumtazama atabonyeza wapi. Dakika kumi za kumtazama mtu huyo zina faida kuliko alasiri nzima ya kubishana kuhusu kiambishi. Tena wawepo mafundi, kwa kuwa wao ndio wanaoletewa majeruhi wa maneno yetu.

Mwandishi wa mwongozo hakungoja makala hii. Wiki iliyofuata aliniletea ukurasa wa tano ulioandikwa upya, akaniomba niusome. Sasa unasema: "Chagua chumba cha diski kilicho kitupu. Kama huna hakika ni kitupu, simama hapa, rudi katika Windows ukiangalie. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha fomati, kila kitu kilichomo katika chumba hicho kitafutwa na hakitarudi." Na ukurasa wa kwanza hauagizi tena nakala rudufu za C pekee. Unaagiza nakala za vyumba vyote, zihifadhiwe nje ya kipakatalishi.

Ni sentensi ndefu kuliko zile za awali. Hazina hata neno moja la kujivunia katika kongamano. Nilimwambia hazihitaji kusahihishwa.

Yeye naye alikuwa na ombi. Mwezi ujao wanachama wa chama cha tarakilishi wataufuata mwongozo huo kwa mara ya kwanza, kila kikundi na mashine yake kuukuu, na angependa niende nikaketi nyuma ya darasa niwatazame wakibonyeza, bila kusema lolote. Nimekubali. Nitabeba kalamu na daftari jipya la istilahi, la karatasi safari hii, na neno la kwanza nimeshaliandika: fomati, kitenzi. Mbele yake nimeandika maelezo ya fundi wa Luthuli jinsi alivyoyasema.